Kuchungulia ndani ya skejula ya Linux: ftrace, moduli, kprobe au BPF?

Uzi mmoja wa programu yako umesubiri milisekunde 30 kupata CPU, ilhali CPU ya jirani ilikuwa imelala. Anayejua sababu ni mmoja tu, skejula ya kerneli, sehemu ya kiini cha mfumo inayoamua uzi upi upewe CPU na lini. Tatizo ni namna ya kuiuliza.

Kuna mambo ambayo skejula huyatangaza hadharani: nani ameamshwa, nani ameingia kwenye CPU, nani ametolewa. Na kuna mambo inayoyaweka ndani: urefu wa foleni ya kila CPU, vruntime ya kila kazi (muda wa CPU ambao kila uzi umeshatumia, kwa kipimo cha uzito wake), mzigo unaokadiriwa na PELT, mbinu ya skejula ya kufuatilia mzigo wa kila kazi. Hayo ya ndani yamo kwenye miundo ya data ambayo wahandisi wa kerneli hubadilisha wanapoona inafaa, bila kumwomba mtu ruhusa, na wana haki hiyo.

Ukiutazama msimbo, mpaka unaonekana waziwazi. task_struct na sched_entity zimefafanuliwa katika include/linux/sched.h, faili ambalo kila sehemu ya kerneli hulitumia. Lakini rq na cfs_rq, yaani foleni zenyewe, zimefafanuliwa katika kernel/sched/sched.h. Faili hilo ni la skejula peke yake, wala halimo kwenye vifurushi vya heda vinavyotolewa na distro. Matokeo yake ni kwamba ukiwa na pointa ya kazi yoyote unaweza kufika hadi se.cfs_rq, lakini hapo mlango unafungwa: pointa unayo, umbo la kinachoelekezwa huna. Njia zote ninazolinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa namna zinavyouvuka mlango huo, na kwa kinachokupata siku umbo likibadilika.

Anza na ftrace na perf, hata kama unajua hutaishia hapo

ftrace, mfumo wa ufuatiliaji wa kerneli yenyewe, imo ndani yake tangu 2.6.27 ya mwaka 2008. Haihitaji kukompaili chochote. Unaingia /sys/kernel/tracing, unaandika 1 kwenye events/sched/sched_switch/enable, kisha unasoma faili la trace. Mstari mmoja unaonekana hivi:

```
seva-2411 [003] d..2. 8123.456789: sched_switch: prev_comm=seva prev_pid=2411 prev_prio=120 prev_state=R+ ==> next_comm=kworker/3:1 next_pid=87 next_prio=120
```

Usiupite haraka. Alama ya R+ inasema kwamba uzi wa seva haukuomba kutoka. Ulinyang'anywa CPU ukiwa bado una kazi. Ingekuwa S, ungekuwa umelala wenyewe ukisubiri kitu. Ingekuwa D, umelala usingizi usiokatizwa, mara nyingi kwa sababu ya diski. Herufi hiyo moja imenitatulia matatizo mengi kuliko programu zote za BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) nilizowahi kuandika, kwa sababu inatenganisha kusubiri CPU na kusubiri kitu kingine. Watu wengi huilaumu skejula kumbe uzi wao umelala kwenye kufuli.

Ukiongeza sched_wakeup, unapata wakati uzi ulipoamshwa. Toa wakati huo kwenye wakati ulipoingia kwenye CPU, utapata muda uliokaa kwenye foleni. perf hufanya hesabu hiyo kwa niaba yako: perf sched record ikusanye, kisha perf sched timehist ikuonyeshe kila mbadilishano, muda wa kusubiri kabla yake, ucheleweshaji wa skejula, na muda uliotumika kwenye CPU. Na kama unachotaka ni jumla tu, faili la /proc/PID/schedstat lina namba tatu: nanosekunde za kukaa kwenye CPU, nanosekunde za kusubiri kwenye foleni, na idadi ya zamu. Soma mara mbili kwa tofauti ya sekunde 10, toa, na tayari una jibu la awali bila kufuatilia chochote.

Gharama yake ni ndogo. Kituo cha ufuatiliaji (tracepoint), yaani mahali kama sched_switch palipoandaliwa ndani ya msimbo ili pafuatiliwe, kikiwa kimezimwa huwa ni agizo tupu ndani ya msimbo, CPU hulipita bila kufanya kitu. Kikiwashwa, gharama inafuata wingi wa matukio, na mashine yenye shughuli nyingi inaweza kutoa makumi ya maelfu ya sched_switch kwa sekunde. Chuja kwa PID au kwa jina kabla hujaanza, la sivyo bafa itazunguka na kufuta kile ulichokuwa unakitafuta.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja: unapata nyuga zile tu ambazo aliyekiandika kituo alizichagua. Urefu wa foleni haumo. Mzigo wa PELT haumo. Na usidhani nyuga zilizomo ni za milele. Baada ya EEVDF, kanuni mpya ya skejula ya kuchagua kazi, kuingia katika kerneli 6.6 mwaka 2023, uga wa vruntime uliondolewa kwenye tukio la sched_stat_runtime, na hati zilizokuwa zikiusoma zikabaki mikono mitupu.

Vituo vilivyo uchi, na moduli

Mwaka 2019, katika kerneli 5.3, skejula iliongezewa vituo vya aina nyingine: pelt_cfs_tp, pelt_rt_tp, pelt_se_tp, sched_overutilized_tp na wenzao. Ukivitafuta kwenye saraka ya events hutavikuta. Vimo ndani ya msimbo, vinaitwa kila mzigo unapobadilika, lakini havina umbo la tukio lililotangazwa kwa mtumiaji. Waliovileta walifanya hivyo kwa makusudi: tukio likishaonekana kwenye tracefs (mfumo wa faili ulio /sys/kernel/tracing), programu za watu huanza kulitegemea, na kulibadilisha kunakuwa ugomvi. Kituo kilicho uchi hakimuahidi mtu chochote. Kinakupa pointa ya muundo wa ndani, kama cfs_rq au rq, basi.

Njia ya kwanza ya kuvitumia ilikuwa moduli ya kerneli, yaani msimbo unaopakiwa ndani ya kerneli ikiwa tayari inaendesha. Unaandika kitendaji, unakisajili kwa register_trace_pelt_cfs_tp, na kila kituo kinapofikiwa kitendaji chako kinaitwa. Hapo ndipo mlango wa sched.h unapokukabili. Mwanzoni kerneli ilitoa vitendaji vidogo vya kusaidia, vyenye majina yanayoanza na sched_trace_, vya kukutolea namba kutoka ndani ya miundo bila kuona umbo lake. Mwaka 2022 viliondolewa, kwa kuwa sasa moduli inaweza kupata umbo la miundo kutoka kwenye BTF, ambayo nitaieleza punde. Zana ya pahole husoma BTF hiyo na kukuandikia heda yenye miundo unayoihitaji.

Sifa ya moduli ni kwamba hakuna anayekuzuia. Una C kamili, kasi kamili, na unaweza kugeuza kituo kilicho uchi kuwa tukio la kawaida la ftrace, likaonekana pamoja na sched_switch katika bafa moja na saa moja. Kwa anayetengeneza skejula yenyewe na kukompaili kerneli yake kila siku, hiyo ni raha kubwa.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayoumiza. sched_switch huitwa wakati kerneli imeshika kufuli la foleni ya CPU hiyo. Ukiita printk ya kawaida (kitendaji cha kuandika ujumbe wa kerneli) kutoka hapo, inaweza kutaka kumwamsha anayesubiri konsoli. Kumwamsha mtu kunahitaji kufuli la foleni. Na kufuli hilo umelishika wewe. Mashine inaganda, bila ujumbe wowote wa kukueleza kwa nini. printk_deferred iliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Pointa mbovu nayo haina wa kukukinga: unaangusha kerneli nzima. Ongeza kwamba moduli iliyokompailiwa kwa kerneli moja haipakiwi kwenye nyingine, na kwamba mashine zenye Secure Boot kwa kawaida hudai iwe imetiwa saini. Na kama moduli yako ya zamani ilitafuta anwani za alama kwa kallsyms_lookup_name, tangu 5.7 kitendaji hicho hakitolewi tena kwa moduli.

Ningeichagua moduli nikiwa na kerneli niliyoikompaili mwenyewe, kwenye mashine ya majaribio. Kwenye seva yenye watumiaji, sithubutu.

kprobe: inafika popote, mradi ujue unakoenda

kprobe imo tangu 2.6.9, mwaka 2004. Inabandika mtego kwenye karibu kitendaji chochote cha kerneli, na kupitia kprobe_events unaweza kuuandika kwa mstari mmoja bila moduli. Shida mbili. Ya kwanza, vitendaji vingi vya skejula ni vya static na kompaila huviyeyusha ndani ya wanaoviita. Jina ulilolisoma kwenye msimbo linaweza kuwa halipo kabisa kwenye kerneli inayoendesha. Ya pili, kwa muda mrefu ilikubidi useme mwenyewe uga uko baiti ngapi kutoka mwanzo wa muundo. Namba hiyo hutegemea toleo na mpangilio wa kerneli. Ukikosea, hupati kosa. Unapata namba nyingine.

Mambo yamekuwa mazuri zaidi siku hizi. Tangu 6.5, tracefs inakubali matukio yanayoanza na t, yanayojibandika moja kwa moja kwenye kituo cha ufuatiliaji, hata kilicho uchi, na 6.6 ikaongeza kufuata pointa kwa majina ya nyuga:

```
echo 't sched_switch preempt prev_pid=prev->pid next_pid=next->pid' >> dynamic_events
```

Umbali wa baiti unahesabiwa na kerneli yenyewe kutoka kwenye BTF. Kama kerneli zako zote ni mpya kiasi hicho, jaribu hii kabla hujaandika hata mstari mmoja wa BPF. Naona watu hawaizungumzii inavyostahili.

BPF na BTF, na kwa nini ndiyo ninayoitumia kila siku

BTF ni maelezo mafupi ya aina zote za data za kerneli: kila muundo, kila uga, ukubwa wake na mahali ulipo. Kerneli iliyokompailiwa na CONFIG_DEBUG_INFO_BTF hubeba maelezo hayo ndani yake na kuyaweka wazi katika /sys/kernel/btf/vmlinux. Ni megabaiti chache tu, ilhali DWARF (taarifa kamili za debug) ya kerneli hiyohiyo huhesabiwa kwa mamia. Amri moja inakutolea heda kamili:

```
bpftool btf dump file /sys/kernel/btf/vmlinux format c > vmlinux.h
```

Fungua faili hilo utafute struct cfs_rq. Imo yote, jinsi ilivyo kwenye mashine hiyo hasa. Ule mlango wa sched.h haupo tena.

Ukishapata heda, programu ya aina ya tp_btf, iliyowezekana tangu 5.5, inajibandika kwenye kituo chochote, kilichotangazwa au kilicho uchi, na kupokea pointa halisi za task_struct au cfs_rq. Unazifuata kama unavyofanya kwenye C ya kawaida. Mkaguzi wa kerneli anahakiki programu kabla haijaendeshwa, na pointa mbovu inarudisha sifuri badala ya kuangusha mashine. Kisha kuna CO-RE: kipakiaji hulinganisha umbo uliloliona wakati wa kukompaili na umbo la kerneli inayoendesha, halafu hurekebisha umbali wa kila uga. Faili moja la programu, kerneli nyingi.

Thamani ya jambo hili inaonekana siku mambo yanapoharibika. Chukua zana ya runqlen ya BCC (mkusanyo wa zana za BPF), inayopima urefu wa foleni. Kwa kuwa haikuweza kupata heda ya cfs_rq, ilibeba nakala yake ya mwanzo wa muundo huo, iliyoandikwa kwa mkono, kiasi cha kufika kwenye nr_running. Kisha uga wa runnable_weight ukaingia kabla ya nr_running katika kerneli za 4.x, na ukaondolewa katika 5.7. Uga huo una baiti 8 kwenye mashine za biti 64. Nakala inayodhani bado upo, ikiendeshwa kwenye 5.7, itasoma baiti 8 mbele ya mahali sahihi, yaani kwenye idle_h_nr_running, hesabu ya kazi za SCHED_IDLE, zile za kipaumbele cha chini kabisa. Hesabu hiyo karibu kila mara ni sifuri. Zana ingekuonyesha foleni tupu kwenye mashine inayolemewa, na ungeiamini. Waandishi wa zana walilazimika kuongeza jaribio maalumu la kugundua kama uga upo kabla ya kuamua umbo la nakala yao.

Linganisha na yaliyonipata mimi. Nilikuwa na programu ya CO-RE iliyosoma uga wa state wa task_struct. Katika 5.14, mwaka 2021, uga huo ulibadilishwa jina ukawa __state, na aina yake ikatoka long hadi unsigned int. Baada ya kerneli kupandishwa, programu yangu ilikataa kupakiwa, na kumbukumbu ya mkaguzi ikatoa maneno haya: invalid func unknown#195896080. Nilipoteza saa nzima kabla sijajua kwamba namba hiyo, ikiandikwa kwa heksadesimali, ni 0xbad2310, alama ambayo libbpf, maktaba inayopakia programu za BPF, huipachika mahali ambapo uga haukupatikana. Ujumbe haueleweki, nakubali. Lakini ulinizuia. Sikupewa namba ya uongo, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya njia hizi.

Dawa yake ni kuueleza muundo wa zamani kwa jina lenye mkia wa mistari mitatu ya chini, ambao CO-RE huupuuza inapotafuta:

```
struct task_struct___zamani {
    long state;
} __attribute__((preserve_access_index));

static long hali(struct task_struct *t)
{
    if (bpf_core_field_exists(t->__state))
        return BPF_CORE_READ(t, __state);
    return BPF_CORE_READ((struct task_struct___zamani *)t, state);
}
```

Hata hivyo CO-RE hailindi kila kitu. Inafuatilia majina ya nyuga. Mpangilio wa hoja za kituo na maana ya uga haviko chini yake. Mwaka 2022 kituo cha sched_switch kiliongezewa hoja ya prev_state, na mara ya kwanza ikachomekwa katikati, kabla ya prev. Programu zilizotarajia pointa ya kazi mahali hapo zikavunjika. Muda mfupi baadaye hoja hiyo ikahamishiwa mwisho, ili waliozoea hoja tatu za mwanzo wasiguswe. Na pale EEVDF ilipochukua nafasi ya uchaguzi wa CFS, kanuni iliyoitangulia, vruntime ilibaki na jina lake ndani ya sched_entity, lakini yenye vruntime ndogo zaidi si lazima tena ichaguliwe. Sasa kuna ustahiki na tarehe ya mwisho ya kila kazi. Programu itapakiwa vizuri, itasoma vizuri, na tafsiri yako itakuwa imepitwa na wakati. Kwa hiyo kila kerneli inapopanda toleo kubwa, mimi husoma upya kernel/sched/fair.c kabla ya kuziamini grafu zangu.

Kwa swali la haraka, bpftrace inatosha. Inatumia BTF hiyohiyo na unaandika mstari mmoja tu. Kwa kitu kitakachokaa kwenye mashine kwa miezi, andika kwa libbpf. Ruhusa zinazohitajika ni CAP_BPF na CAP_PERFMON tangu 5.8, si lazima uwe root kamili. Mashine iliyofungwa kwa lockdown ya kiwango cha usiri itakukatalia kusoma kumbukumbu za kerneli kwa BPF, na kprobe vilevile.

Picha ya mara moja: drgn

Wakati mwingine huhitaji mfululizo wa matukio. Unataka kujua sasa hivi kila foleni ina nani ndani. drgn inakupa Python juu ya kerneli hai kupitia /proc/kcore: unatembea kwenye rq za CPU zote, unachapisha unachotaka, hubandiki chochote popote. Inapata umbo la miundo kutoka kwenye taarifa za debug, kwa hiyo hakikisha kifurushi chake kimewekwa na kinalingana kabisa na kerneli inayoendesha. Kumbuka tu kwamba inasoma bila kushika kufuli. Orodha inaweza kubadilika ukiwa katikati yake. Kama hata drgn hairuhusiwi, faili la /sys/kernel/debug/sched/debug, lililokuwa /proc/sched_debug kabla ya 5.13, lina sehemu kubwa ya habari hizo kwa maandishi.

Basi uchague ipi

Kama swali lako ni nani alisubiri na kwa muda gani, perf sched timehist. Usiende mbali zaidi mpaka ikushinde.

Kama unahitaji namba iliyo ndani ya rq au cfs_rq, angalia kwanza kama /sys/kernel/btf/vmlinux ipo. Ikiwepo, na kerneli ni 6.6 au zaidi, na unataka uga mmoja au miwili tu, tukio la t kwenye tracefs. Ikiwepo na unahitaji kuhesabu, kujumlisha au kuchora mgawanyo wa muda ndani ya kerneli, BPF kwa tp_btf, kwa sababu kupeleka kila tukio nje ili likahesabiwe huko kunagharimu kuliko kulihesabu papo hapo.

Kama BTF haipo kwa sababu kerneli ni ya zamani au imepunguzwa kwa kifaa kidogo, hapo moduli iliyokompailiwa pamoja na kerneli hiyohiyo ni salama kuliko kprobe yenye umbali uliohesabiwa kwa mkono. Moduli angalau inaona sched.h halisi ya kerneli yake. Umbali wa mkono hauna shahidi, na ukilazimika kuutumia, uthibitishe kwanza kwa kitu unachokijua: anzisha nyuzi 5 za kula CPU, zibandike zote kwenye CPU moja kwa taskset, kisha soma nr_running ya foleni hiyo. Ikisema 0, umbali si sahihi. Ikisema 5 au zaidi kidogo, zima nyuzi 2 usome tena kabla hujauamini.